Ulikuja kukimbia au kupiga stori?

Washauri, habari za kazi.

Naandika kutoka Temeke. Mimi ni mama wa watoto wawili, kazi yangu ni fundi cherehani, na kwa miaka mingi Jumapili yangu ilianzia kwenye jogging, yaani kikundi chetu cha mtaa cha kukimbia. Tulikuwa tunakutana saa 12 kasoro robo asubuhi, tunatoka na bendera, tunaimba njia nzima, tukirudi tunapiga viungo uwanjani kisha supu. Sikuwahi kukaa nikaifikiria. Niliona ipo tu.

Mwaka huu Ramadhani nzima sikukimbia. Baada ya Idi nilirudi, na Jumapili ya pili tukaalikwa bonanza la kilomita 10, nikazimaliza zote. Siku chache baadaye ugoko wa kushoto ukaanza kuuma kwa upande wa ndani. Nikajikaza wiki tatu hivi mpaka nikawa nachechemea. Hospitali wakapiga picha, wakasema mfupa hauna ufa, nipumzike. Nimepumzika miezi minne, na sasa natembea hadi sokoni na kurudi bila maumivu.

Kilichoniuma kuliko ugoko ni zile Jumapili za kukaa ndani nikisikia jogging za watu zikipita barabarani na nyimbo zao. Wiki za mwanzo wenzangu walipiga simu, baadaye kimya.

Juzi nikaenda kuwasalimia. Nimekuta mambo mengine kabisa. Wapo vijana kama wanane wana saa za kupima mbio, wanajiandaa na Kilimanjaro Marathon ya kule Moshi. Dakika tano nyingi, wameshapotea mbele. Waliobaki wanatawanyika wawili wawili. Aliyekuwa anatuimbisha amehamia Dodoma na hakuna aliyeshika nafasi yake, siku hizi kuna spika juu ya bajaji inapiga singeli. Wakimaliza, kila mtu na bodaboda yake. Nilipomwambia kijana mmoja kwamba zamani tulikuwa tunakwenda pamoja, akaniuliza mbele za watu: "Kwani dada ulikuwa unakuja kukimbia au kupiga stori?" Wakacheka. Na mimi nikacheka, ila ilinichoma.

Naomba mnisaidie. Nianzeje kukimbia tena bila kuuumiza mguu? Nitawaambiaje hawa wenzangu bila kuonekana mzee wa kulalamika? Kuna haja ya kulipia tisheti ya mwaka huu? Na mtu aliyeanza mazoezi kwa ajili ya presha na uzito, ni ujinga kusikitikia stori na supu?

Fundi wa Tandika

*

Dada Fundi, pole na mguu.

Tuanze na huyo kijana, maana swali lake lina jibu la kitaalamu. Mbio nyingi za mtu anayekimbia kwa afya, na hata za anayejiandaa na marathoni, zinatakiwa ziwe za kasi inayomruhusu kutamka sentensi nzima bila kukatika pumzi. Ukiweza kusimulia kisa chote cha mteja aliyekataa kulipia gauni, uko kwenye kasi inayojenga moyo na misuli bila kukuachia uchovu wa siku tatu. Ukibaki na maneno mawili matatu kwa kila pumzi, hapo ni mazoezi ya kasi, na hayo yana siku zake, moja au mbili kwa wiki. Anayekimbia kila siku kwa kukata pumzi hachelewi kuganda: kasi yake haiongezeki, mwili umechoka, na yeye anadhani dawa ni kukaza zaidi. Nenda Iten, Kenya, wanakoishi wakimbiaji wenye medali za dunia, uangalie makundi yanavyoanza mbio zao nyepesi za asubuhi. Kilomita ya kwanza wanajikokota kiasi kwamba mgeni mwenye afya ya kawaida anaweza kuwafuata, huku wakiongea. Kasi inakuja yenyewe mwili ukishapata moto.

Kwa hiyo jibu lake ni kwamba ulikuwa unafanya yote mawili, na stori ndiyo ilikuwa saa yako.

Kuna na upande wa pili. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2010, watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walichukua wapiga makasia 12 wakawapima uvumilivu wa maumivu kwa kuwabana mkono na mkanda kama ule wa kupimia presha. Walipofanya mazoezi kwa pamoja, wakivuta kwa mapigo mamoja, walivumilia zaidi kuliko walipovuta kila mtu peke yake, ingawa kazi ilikuwa ileile. Maelezo ya watafiti ni kwamba kwenda sambamba na wenzako kunaufanya mwili utoe kemikali nyingi zaidi za kutuliza maumivu na kuleta raha. Mchakamchaka ni hichohicho, umeongezewa nyimbo. Hata Eliud Kipchoge, siku aliyokimbia marathoni kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40 kule Vienna, Oktoba 12, 2019, alizungukwa na wakimbiaji 41 waliokuwa wakipokezana kumkatia upepo na kumshikia kasi. Muda ule haukuhesabiwa rekodi rasmi, na hao wenzake waliokuwa wakiingia na kutoka ni sehemu ya sababu. Sheria ya riadha inajua vizuri kwamba kukimbia na watu ni msaada.

Basi swali lako la mwisho tumeshalijibu: si ujinga. Presha na uzito ndivyo vilivyokutoa nyumbani mara ya kwanza, lakini kilichokuamsha alfajiri miaka yote hiyo, masika na kiangazi, ni watu waliokuwa wanakusubiri kwenye kona.

Sasa mguu, na hapa tutakaa kidogo.

Kilichokuumiza kimo ndani ya barua yako. Mwezi mzima mfupa haukupata kishindo, kisha ndani ya wiki mbili ukaubebesha kilomita 10 za lami. Pumzi hurudi haraka baada ya mapumziko na misuli hufuata. Mfupa na nyama zilizoshikana nao huchelewa kuliko vyote. Ndiyo maana mtu anayerudi hujisikia mwepesi na kudanganyika: kifua kinasema twende, ugoko bado haujawa tayari.

Kabla ya kukimbia hata hatua moja, jipime mwenyewe. Kaa, pitisha kidole gumba ukibonyeza taratibu kwenye ukingo wa ndani wa mfupa wa ugoko, kutoka kifundo kwenda juu. Maumivu yaliyotandaa kwa upana wa vidole vitatu au zaidi kwa kawaida ni ya nyama zinazoshika mfupa. Ukikuta nukta moja unayoweza kuionyesha kwa ncha ya kidole, inayouma sana ikibonyezwa, au mguu ukikuuma usiku umelala, rudi hospitali hata kama picha ya kwanza ilikuwa safi. Ufa mdogo wa uchovu wa mfupa mara nyingi hauonekani kwenye picha ya wiki mbili tatu za mwanzo. Usipokuta kitu, tembea kwa haraka dakika 30. Siku nyingine ruka kwa mguu huo mmoja mara 10 hapohapo ulipo. Ukipita vyote bila maumivu, anza.

Utakimbia mara tatu kwa wiki, kila mara ukiruka siku moja. Kila zoezi lianze kwa kutembea dakika 5 na kuisha hivyohivyo. Wiki ya kwanza, kimbia dakika 1, tembea 2, rudia mara 8. Wiki ya pili, kimbia 2, tembea 2, mara 6. Ya tatu, kimbia 3, tembea 1, mara 6. Ya nne, kimbia 5, tembea 1, mara 4. Ya tano, kimbia 10, tembea 1, mara 2, na mwisho wa wiki hiyo jaribu dakika 20 mfululizo. Kasi ni ileile ya kusimulia. Maumivu yapime kwa alama kutoka 0 hadi 10: yasizidi 3 wakati wa kukimbia, na kesho yake asubuhi unaposhuka kitandani yawe yameisha. Yakivuka hapo, rudi wiki moja nyuma. Usiache kabisa, wala usijikaze. Kujikaza wiki tatu ndiko kulikokugharimu miezi minne.

Siku unazokimbia, jioni panda ukingo wa ngazi, visigino vikae hewani, nyanyuka kwa hesabu ya mbili, shuka kwa hesabu ya tatu. Mara 15, pumzika, jumla seti tatu. Seti moja ifanye ukiwa umekunja magoti kidogo, maana misuli ya chini ya shavu la mguu hufanya kazi zaidi goti likikunjwa, nayo ndiyo inayobeba mzigo mkubwa kwenye mbio za pole. Baada ya wiki tatu hamia mguu mmoja mmoja. Na kama cherehani yako ni ya kukanyaga, kumbuka vifundo vimeshafanya kazi mchana kutwa. Siku ya oda nyingi, za sare za shule kwa mfano, isifuatiwe na asubuhi ya mbio.

Raba. Wengi tunanunua mtumba na si vibaya, ila watu hutazama juu wakati uzima wa raba uko chini. Iweke mezani, itazame kwa nyuma: ikiinamia upande mmoja, mwenye nayo wa kwanza ameshaimaliza. Bonyeza ile soli laini ya katikati kwa kidole gumba. Irudi polepole kama godoro zima. Ikiwa ngumu kama ubao, au ina mikunjo mingi ubavuni, iache hata kama juu inang'aa. Raba mpya ya mbio hukaa kati ya kilomita 500 na 800, kwa hiyo ya mtumba chukulia imebakiza nusu. Na kingo za barabara zetu zimeinama ili maji yashuke mtaroni. Ukikimbia kila siku pembeni kushoto, mguu wa kushoto unakanyaga chini kuliko wa kulia kila hatua. Katika wiki hizi tano tafuta uwanja au njia tambarare.

Usingoje hizo wiki tano ziishe ndipo uonekane kwenye jogging. Watu wengi wanaoumia hupotelea hapa. Wanaona aibu kwenda bila kukimbia, wanasema nitarudi nikipona, na wakipona wanakuta nafasi yao imeshazibwa. Nenda Jumapili hii. Lipa na tisheti, kwanza kwa sababu utaivaa, pili kwa sababu asiye na tisheti huonekana mgeni hata kama ni mwanachama wa siku nyingi.

Ukifika, tazama kitu ambacho miaka yote hukukitazama: nani anafanya nini. Kuna mtu alikuwa anakuja na bendera na kurudi nazo kwake. Kuna aliyekuwa anatangulia kuongea na mama wa supu ili isiishe kabla hamjarudi. Kuna aliyehesabu watu wakati wa kutoka na wakati wa kurudi. Kuna mwimbishaji, ambaye mmeijua kazi yake alipohamia Dodoma. Unasema uliona ipo tu. Ilikuwepo kwa sababu watu watano au sita walikuwa wanaibeba bila kusema. Wakipungua wawili, jogging inakuwa hiyo uliyoikuta. Kwa hiyo chukua kazi moja, na kwa sasa tunakupa bendera ya nyuma, maana inamfaa mtu anayechanganya kukimbia na kutembea.

Wengi huidharau kazi hiyo, na wakiifanya huifanya vibaya. Mshika bendera wa nyuma hukaa mgongoni mwa mtu wa mwisho ili apige stori, na hapo hamlindi mtu. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa linakula karibu mita 14 kila sekunde, na linaweza kuhitaji mita 35 hadi 40 kusimama kwenye lami kavu. Mvua ikinyesha, zaidi. Bendera ikae kama mita 50 nyuma ya mkia, mkiwa wawili, mmevaa vizibao vya reflekta, mmoja ana tochi nyekundu kama bado giza. Saa 12 kasoro robo mwezi Julai Dar es Salaam bado ni giza, jua linachomoza saa 12 na nusu na ushee. Kundi lenyewe likae kushoto, watu wawili kwa upana na si zaidi, na njia panda wavuke wote kwa filimbi moja. Watu wakikatika katikati, nusu huku nusu kule, walio nyuma hukimbilia kuungana bila kutazama barabara, na hapo ndipo mtu anagongwa. Kwa zile Jumapili ambazo bado huwezi umbali wote, muwe wanne mpokezane: wewe na mwenzako chukueni mita mia chache za mwanzo, halafu mkalisubiri kundi mahali pa kurudia.

Hao vijana wa saa tusiwaonee. Nchi iliyotoa bingwa wa dunia wa marathoni, Alphonce Simbu, Tokyo Septemba 2025, haiwezi kuwanunia watu wanaotaka kukimbia kwa kasi. Wanahitaji mbio ndefu, wanahitaji kasi, na dakika 50 za nyimbo hazitawafikisha Moshi. Kosa lao ni kuchukua Jumapili ya watu wote kuwa siku yao. Pendekezo letu ni kuwa Jumapili ibaki ya jogging nzima, na katikati ya wiki, tuseme Jumatano au Alhamisi, wenye saa wawe na siku yao ya kukaza. Iten nako Alhamisi ndiyo siku ya fartlek, kundi kubwa linabadilisha kasi dakika moja nguvu, dakika moja pole, au mbili kwa moja. Vijana wenu wakiwa nayo hiyo, Jumapili hawatakuwa na haraka sana.

Lakini hata Jumapili kasi zitatofautiana, na hapo huwa tunapendekeza kugeuza kwa dakika. Wote mnatoka pamoja, kila mtu anakwenda kwa kasi yake, na dakika ya 25 kila mtu, popote alipo, anageuza. Anayekwenda kilomita moja kwa dakika 5 na nusu atakuwa amefika kilomita 4 na nusu. Wa dakika 8 na sekunde 20 atakuwa kilomita 3. Wakigeuka, wa mbele wamekuwa wa nyuma, wanaanza kuwafukuzia wenzao, na kila aliyeshika kasi yake anafika mlipoanzia dakika ya 50, pamoja na wote. Kijana wako amepata kilomita 9, wewe 6, na dakika za mwisho mnaingia kama kundi. Linaloharibika ni mambo mawili. Kwanza, filimbi ya kugeuza haifiki mbele, kwa hiyo kila kundi dogo liwe na saa au simu yake. Pili, kuna watakaokaza mno wakati wa kwenda ili waonekane, kurudi wanaishiwa. Hao wakichelewa dakika sita mbele ya watu waliokwishaanza viungo, hawarudii.

Msikubali ule mtindo wa wa mbele kusimama na kusubiri. Unaonekana wa upendo, lakini angalia unavyokwenda: wenye kasi wanafika, wanapumzika dakika tatu, yule wa mwisho anafika anahema, na palepale wao wanaondoka. Aliyehitaji pumziko kuliko wote ndiye pekee asiyelipata. Kama lazima kukusanyika, wa mbele wageuze, wakimbie kurudi hadi nyuma ya wa mwisho, wazunguke, waendelee. Wao wanaongeza mita zao, yeye hasimamishwi.

Nyimbo sasa. Singeli kwenye sherehe hatuna ugomvi nayo, lakini mara nyingi ina mapigo zaidi ya 200 kwa dakika na hakuna mguu wa jogging unaoweza kuifuata, kwa hiyo kila mtu anakanyaga lake. Tena spika inaziba honi. Mchakamchaka ulitengenezwa kwa miguu: shuleni na Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) watu walikimbizwa kwa nyimbo kwa sababu wimbo unawashika wote kwenye hatua moja, na anayeweza kuitikia bado ana pumzi.

Mwimbishaji hazaliwi, anafundishwa kwa wiki chache. Chagueni wawili wapokezane kila baada ya dakika tatu au nne, maana sauti ya mmoja haimalizi kilomita 6. Wasikae mbele. Kundi likizidi watu 30, sauti ya mbele haifiki nyuma, mkia unaitikia kwa kuchelewa na hatua zinavurugika. Waende ubavuni, katikati ya safu. Wimbo uwe mfupi, mstari wa hatua nne na kiitikio cha hatua nne, kiitikio kikianzia mguu wa kushoto. Kosa kubwa la mwimbishaji mpya ni kupandwa na mori. Wimbo unakolea, naye anaongeza kasi bila kujua, na mkia unakatika. Ampe mtu mmoja kazi ya kuhesabu hatua kwa sekunde 15: zikiwa kati ya 37 na 40 mko salama, zikifika 44 ashushe. Kwenye mwinuko nyamazeni. Njia panda nyamazeni ili filimbi isikike. Mkipita hospitali, msikiti au kanisa watu wakiwa kwenye ibada, nyamazeni vilevile. Jogging iliyolalamikiwa na mtaa haidumu.

Namna ya kuwaambia. Usiseme uwanjani kabla ya kutoka, watu wanataka kuondoka na utaonekana unawachelewesha. Usiandike kwenye grupu la WhatsApp pia, sauti haisikiki mle, na yule kijana atajibu kwa katuni. Mwone mwenyekiti na mmoja wa vijana wa saa, yule mwenye subira zaidi, wakiwa wameketi. Usianze na "zamani tulikuwa". Omba kitu kidogo chenye mwisho: "Mwenyekiti, naomba Jumapili nne tujaribu kugeuza dakika ya 25. Bendera ya nyuma nashika mimi. Ikishindikana tunarudi kwenye utaratibu wa sasa." Jumapili nne hakuna mtu mzima atakayezikataa, na unayeomba umeshajitolea kazi ya kusimama nyuma.

Supu itarudi yenyewe mkifika pamoja. Watu waliondoka na bodaboda kwa sababu wa kwanza walimaliza robo saa kabla ya wa mwisho, jasho likawakaukia, wakaona waende. Agizeni mapema, mlipe kwa vichwa, na asiye na hela siku hiyo mmoja amlipie bila kutangaza.

Kuhusu kununa: unayo haki, nuna wiki moja. Baada ya hapo jiulize ni nani mwingine aliyeacha kuja na hukumpigia. Watu hawana roho mbaya. Kila mmoja hudhani mwenzake ameshapiga simu. Dawa yake ni daftari la mahudhurio na utaratibu kwamba anayekosa Jumapili mbili mfululizo anapigiwa na watu wawili waliotajwa kwa jina, akikosa nne anatembelewa. Mkiwa na mfuko wa kufa na kuzikana, utenge kabisa na hela za tisheti na bonanza. Jogging nyingi hazivunjwi na mbio, zinavunjwa siku ambayo kuna msiba na mweka hazina anasema hela ilishanunua jezi.

Mwisho, Ramadhani ijayo usiache mbio zote. Dakika 20 hadi 30, mara mbili au tatu kwa wiki, zinatosha kuukumbusha mfupa kazi yake, na wakati mzuri ni kama dakika 40 kabla ya futari, ukimaliza maji na tende zipo karibu. Tafuteni watatu wa mtaa mmoja mtoke pamoja. Idi ikiisha, rudini kwa nusu ya umbali wenu wiki ya kwanza, robo tatu ya pili, wote wiki ya tatu. Mwaliko wa bonanza ukija kabla ya hapo msiukatae, nendeni na bendera na tisheti zote, ila anayetoka kwenye mfungo aandikishwe kilomita 5.